Injini Iliyokuwa na Adabu

Siku ilianza kama siku nyingine zote za Isimba, jua limetoka, dagaa wameanikwa mchangani, kuku wanadonoa dagaa na wanawake wanafukuza kuku, na Helena amechuchumaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika anafua nepi huku macho yanajifunga yenyewe. Hakuwa amelala. Mwanawe Elia alikuwa anaota meno, usiku analia, mchana anasinzia, na mama mwenye mtoto wa hivyo hana mchana wala usiku. Baba mtu hakuwa msaada. Si kwa ubaya, Yotham ni mtu mwema, ila tangu boti ile ije, mwanamume alikuwa anakula na boti, analala na boti, akiamka anaongea na boti.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za Elnino. Barabara ilikatika vipande vipande, malori hayaji, na mradi mmoja wa afya ukaleta boti mpya ya kupeleka wagonjwa Karema. Nyeupe pe, viti bado vimevalishwa nailoni. Injini yake ya kisasa, mambo yote umeme, ina taa nyekundu na kengele ya kulia ikipata moto. Yotham alichukuliwa kutoka Mpanda mjini, mtaa wa Majengo, alikokuwa anatengeneza pikipiki na mashine za kusaga, akahamia Isimba na mke na mtoto. Akaambiwa, fundi ni wewe, hakikisha haisimami.

Nayo ikasimama.

Kati ya Isimba na Karema kuna jiwe jeusi limetoka majini, watu wanaliita Jiwe la Nsunga. Boti ikifika usawa wake, kengele inalia mara moja, ti, halafu injini inazimika. Haikohoi, haitetemeki. Inanyamaza tu, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Boti inaelea, inalipita jiwe taratibu, halafu Telesphor dereva akibonyeza swichi mara moja, injini hiyo imewaka, kama haijawahi kuumwa maisha yake.

Yotham alibadilisha plagi. Akamwaga petroli yote akitafuta maji ndani yake, hakuna maji. Akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Akaagiza kile kisanduku cheusi kinachogawa cheche, kikaja kwa treni mpaka Mpanda na kutoka hapo kwa baiskeli na kwa mabega ya watu, akakifunga. Kila alipofunga kitu, aliijaribu injini uani kwenye pipa la maji, Helena akipika, injini inanguruma, akinyonyesha, injini inanguruma, mpaka kichwa chake kikawa kama mzinga wa nyuki. Pale uani haikuzimika hata siku moja. Wakienda ziwani, kwenye jiwe, ti. Kimya. Na Yotham alikuwa anaigusa pale pale kengele ikilia, anasema ina ubaridi wa uji wa jana.

"Fundi, injini yako ina adabu kukushinda," alimchokoza Imakulata, mchuuzi wa dagaa, mwanamke asiyemwogopa mtu. "Sisi wa makasia tukifika pale tunanyanyua makasia. Tunanyamaza, maji yanatupitisha yenyewe. Mwenye mtoto anampa ziwa anyonye. Hata mlevi pale anafunga domo. Sasa hiyo imefundwa na somo gani huko ilikotoka?"

Watu ufukweni wakacheka. Yotham hakucheka.

"Injini haina masikio, dada Ima."

"Wewe si unayo? Basi iache inyamaze."

Helena naye alicheka, lakini cheko lake lilikatikia njiani. Alisoma mpaka kidato cha nne, fizikia aliifaulu, anajua cheche ni cheche na waya ni waya. Ila aliona kwamba Imakulata, anayecheka kila kitu, alikuwa hacheki.

Jioni moja Yotham aliingia ndani na mikono ya grisi, akakaa kwenye kigoda bila kunawa.

"Nimeipata," alisema.

"Umepata nini?"

"Kila injini ina waya wa kuzimia. Ule waya ukigusa chuma, cheche zinakufa, injini inazimika. Basi wa kwetu unajigusa mahali, mimi sipaoni. Mawimbi ya pale kwenye jiwe yanautikisa. Nimeukata."

"Umeukata?"

"Nimeukata, nimeufunga utepe. Sasa hakuna kitu kinachoweza kuizima ile injini."

Helena aliacha kukoroga uji. "Na nyie wenyewe mkitaka kuizima?"

"Tunachomoa mpira wa petroli. Inakunywa iliyobaki, inakufa."

"Baba Elia, si mngeiacha tu? Inasimama kidogo, inaondoka. Nani amekufa?"

"Mama Elia, mwanamke amejifungulia pale pale, boti imesimama, na mvua inanyesha. Wakubwa wa mradi wamesema ikisimama tena wanaleta fundi mwingine. Nimechoka mwenzio. Nimechoka."

Alilisema neno hilo kama mzee. Helena naye alikuwa amechoka, na mtu ukichoka sana hubishani, unaona heri yoyote ile itakayokufanya ulale. Akakoroga uji wake.

Usiku huo huo Elia alianza kuchemka.

Kulipokucha mwili wake ulikuwa moto wa kuunguza mkono. Jua lilipopanda, macho yakageuka juu, miguu ikakakamaa. Degedege. Helena alipiga kelele mpaka majirani wakaja na maji, mmoja akasema mkande, mwingine akasema usimkande, na Yotham tayari alikuwa anakimbia kuelekea ufukweni. Degedege likaachia, mtoto akalia, na kile kilio kilikuwa kitamu masikioni mwa mama yake kuliko kitu chochote, maana mtoto anayelia yupo.

Wakapanda. Telesphor nyuma kwenye injini, Yotham karibu yake. Helena katikati na mtoto kifuani, amemfunga kanga. Imakulata alikuwa amelala siku mbili ufukweni akingoja usafiri, akaingia na gunia lake bila kuuliza. Injini ikawaka. Ziwa lilikuwa shwari, limelala kama bati jipya, jua la saa sita linapiga mpaka macho yanauma.

Elia alilia njia nzima. Helena aliimba, akamtikisa, akampulizia usoni. Alilia.

Jiwe likatokea mbele, dogo, halafu si dogo.

Imakulata alisogea mpaka goti lake likagusana na la Helena. Akanong'ona.

"Mdogo wangu. Mpe ziwa."

"Hashiki."

"Mjaribishe."

"Nimejaribu dada, hashiki, anatema."

Telesphor alishusha mwendo. Mkono wake ulifanya wenyewe, kama ulivyofundishwa na babu zake kunyanyua kasia.

"Usipunguze!" Yotham alifoka. "Mtoto anaumwa, Teli. Kaza!"

Telesphor akakaza.

Wakafika usawa wa jiwe.

Helena alikuwa amefumba macho. Alingoja ile ti. Haikulia. Alingoja kimya. Hakikuja. Injini ilinguruma, boti ikakata maji, jiwe likapita ubavuni, jeusi, lenye maji yanayotiririka japo hapakuwa na wimbi.

"Imepita!" Yotham alisema. Alicheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. "Nilisema mimi! Waya! Ulikuwa waya tu!"

Ndipo Helena akasikia injini vizuri. Alikuwa anaisikia vizuri mno.

Elia alikuwa amenyamaza.

Alifungua kanga. Mtoto alikuwa amefumbua macho, anamtazama. Hakuwa amekakamaa. Mdomo uko wazi, vilevile kama wa mtu anayelia. Lakini sauti haitoki. Kifua hakipandi.

"Zima," Helena alisema.

Hawakumsikia.

"Zima! Zima injini! Baba Elia, zima!"

Telesphor alibonyeza swichi. Hakuna. Akabonyeza tena. Yotham akachomoa mpira wa petroli, akaunyanyua juu, petroli ikamchuruzika mkononi. Injini ikaendelea. Wakangoja inywe iliyobaki. Iliinywa. Ikaendelea. Mpira uko mkononi mwa mtu, na injini inanguruma ileile, haipungui, na boti imeanza kuzunguka, hakuna aliyegeuza usukani. Jiwe likaja tena mbele yao.

Midomo ya Elia ilianza kuwa ya bluu.

"Waya!" Helena alipiga kelele. "Rudisha waya wako!"

Yotham alifungua kifuniko cha injini inayokimbia, akaingiza mkono. Akashika utepe, ukateleza kwa petroli. Akautoa kwa meno. Akaugusisha waya kwenye chuma, ukamrusha, akaushika tena, akaukandamiza kwa kidole gumba, mwili wote unatetemeka. Hakuachia.

Injini ikazimika.

Kimya kikaja juu yao kama blanketi.

Imakulata alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Boti ilielea. Hapakuwa na upepo, lakini ilikwenda, taratibu, ikasogea karibu na jiwe kuliko mtu yeyote anavyosogea, mpaka Helena angeweza kunyoosha mkono akaligusa. Alijizuia hata kupumua. Alimshika mtoto wake, mwepesi kama nguo, na moyoni hakuomba kwa Mungu wala kwa jiwe, aliomba tu. Nirudishie. Nirudishie. Nimechoka, nirudishie.

Jiwe likapita.

Elia akavuta pumzi. Moja, ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Halafu nyingine.

Hakulia.

Yotham alitaka kuwasha, Helena akamshika mkono, na kwa macho aliyomtazama nayo mwanamume akauacha ule mkono wake hapohapo. Walipiga kasia mpaka Karema. Pale kituoni mtoto alichomwa sindano za malaria, na nesi akashangaa, mtoto gani huyu sindano inaingia anatazama tu.

Akapona. Hilo ndilo wanalolisema watu wa Isimba hadi leo, kwamba mtoto alipona, na boti ikapona. Maana Yotham aliunga waya wake vizuri kama ulivyotoka kiwandani, na tangu siku hiyo boti haikuzimika tena kwenye jiwe. Inapita tu. Wakubwa wa mradi walikuja, wakampa mkono, wakapiga naye picha. Yotham akaanza kulala usiku. Telesphor peke yake ndiye aliyeacha kazi, akarudi kwenye mtumbwi wake, na ukimuuliza anasema boti ile sasa haina adabu.

Elia akanenepa. Meno yakatoka bila kelele. Akianguka, anatazama. Akiwa na njaa, anatazama. Majirani wakamsifu Helena, una mtoto mtulivu wewe, umebahatika, na Helena anaitikia ndiyo, ndiyo, huku usiku anaamka kuweka mkono kwenye kile kifua, anangoja kipande, kikipanda anangoja kishuke.

Siku moja akambeba mgongoni kwenda mashineni kusaga mahindi. Mashine ni ya Ngusa, Msukuma aliyekuja na ng'ombe akaishia na dizeli. Helena alivuka kizingiti, mashine ikazimika. Ngusa akakagua mafuta, akakagua mkanda, akatukana kidogo kwa Kisukuma. Helena akatoka nje kupunga hewa, ikawaka. Akaingia, ikazimika. Kwenye foleni wanawake wakatazamana, mmoja akasogeza beseni lake pembeni, polepole, kama anampisha mtu. Helena alisikia mgongoni pumzi ndefu ikivutwa.

Hakurudi tena mashineni. Akawa anatwanga kwa kinu, mikono ikaota sugu, Yotham akiuliza anasema unga wa kinu ni mtamu.

Halafu asubuhi moja Ngusa alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Hakupiga hodi kwa sauti, alikwaruza mlango kwa kucha. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mama Elia. Yule mtoto wako ameanza kutembea?"

"Bado. Hata kusimama anashikilia. Kwa nini, shemeji?"

"Njoo uone. Njoo peke yako."

Alimwacha Elia na baba yake, akamfuata. Kufuli la mashineni Ngusa alikuwa amelifungua mwenyewe, na dirisha pale hakuna. Ndani, sakafu nzima ilikuwa imefunikwa na unga mwepesi, ule unaoruka mashine ikisaga na kutua watu wakishaondoka. Mlangoni unga ulikuwa mzima, haujakanyagwa.

Katikati kulikuwa na nyayo. Ndogo, za peku, vidole vyote vinaonekana. Hazikutoka popote. Zilianza hapo hapo, zikaizunguka mashine, zikaizunguka tena, kisha zikasimama mbele ya kishikio cha kuzimia mashine, zimebana pamoja, visigino vimenyanyuka juu, kama za mtoto anayejivuta apate kufikia.

Helena aliweka kiganja chake juu ya mojawapo, apime, ukalingana na wa Elia.

Unga ulikuwa umelowa, unanuka maji ya ziwa.