Pedi ya Kushoto

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, umeme umekatika mtaa mzima wa Madungu, pale pedi ya pili ya gemu ilipotetemeka juu ya mkeka. Ilitetemeka mara moja tu, kama inavyofanya mchezaji anapochezewa rafu. Waya wake haukuwa umechomekwa popote.

Ruweida aliikodolea macho. Alikuwa na digrii ya takwimu, na tangu ana miaka sita hakupitisha siku bila gemu ya mpira. Wenzake walipotoka kwenda kucheza nage, yeye alibaki ndani peke yake. Pedi ya pili aliiweka kushoto kwake na kuisemesha: "Haya, mwenzangu, leo nakufunga." Mazoea tu, hata ukubwani.

"Mardhiya, umeigusa?"

Mdogo wake huyo wa miaka tisa alikuwa amekaa kushoto kwake. Vidole gumba vyake vilikuwa vikibonyeza hewa. Chumba kikaanza kunuka asumini zilizooza.

"Haya, mwenzangu," mtoto akasema kwa sauti nzito ya kiume, "leo nakufunga."

Wazazi walikuwa mazikoni, mjini Mkoani. Ruweida alimkimbilia jirani yao, Bi Mwanawema, anayejua kusema na mapepo. Akaja na chetezo chake, ubani ukifuka.

"Mgeni, wataka nini umwachie mtoto?" alinong'ona. "Halua? Kitambaa chekundu?"

"Mechi, na Ruweida," sauti ile nzito ilijibu. "Nikifungwa, natoka. Nisipofungwa, mtoto ni wangu."

"Mechi ndo kitu gani?"

"Gemu, bibi," Ruweida alisema, akimwonyesha televisheni.

"Astaghfirullah! Hata majini siku hizi wamekuwa wavivu."

Televisheni ikawaka, na umeme bado haujarudi. Ruweida alicheza, na kila pasi aliyoiwaza ilikuta mguu umekwisha kutangulia, na kila chenga, hata ile aliyojifunza akiwa darasa la sita kwa Ramadhani nzima, ilizimwa taratibu, bila pupa, na mtu aliyekuwa ameiona ikizaliwa, huku harufu ya asumini ikizidi, na midomo ya Mardhiya ikigeuka rangi ya jivu, na saa ya pale kwenye kioo ikisogea dakika ya themanini na tano, bila kwa bila, mpaka akaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa hachezi peke yake, na kwamba lolote inalolijua mikono yake, huyu analijua.

Akamtupia Bi Mwanawema pedi.

"Bonyeza, bibi!"

"Nibonyeze wapi?"

"Popote!"

Bi Mwanawema akaibonyeza kama anayekanda unga. Wachezaji wakakimbilia nyuma, wakapigana vikumbo, wakapiga mpira wa juu usio na maana. Mabeki wa jini wakasimama, wakingoja chenga isiyokuja. Mpira ukagonga mgongo wa mmoja wao, ukajiviringisha taratibu hadi wavuni.

Mardhiya akalia, kwa sauti yake mwenyewe.

"Kesho asubuhi mtambo huu ukautupe," Bi Mwanawema alisema, jasho likimtiririka. "Unanisikia?"

"Nitautupa, bibi."

Ijumaa asubuhi, wazazi hawajarudi, Ruweida aliutia kwenye gunia, akafika nao mlangoni. Hapo akasimama. Miaka yote alizifunga mashine mabao. Hakuna aliyepata kumjua namna alivyomjua jini yule.

Akarudi. Akaufunga kwa ufunguo mlango wa chumba alicholala Mardhiya. Akachomeka nyaya zote, akaiweka pedi ya pili kushoto, pale pale pa siku zote.

"Haya, mwenzangu," alinong'ona. "Mtoto usimguse. Tucheze wawili."