Barafu Katika Shamba la Dorca

Kila likizo ya Aprili Zeituni alifuatana na baba yake, Hemedi, mpiga picha wa Kaloleni mjini Kisumu. Siku za soko walikwenda Awasi, Hemedi akawapiga watu picha, naye Zeituni akambebea mkoba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno mengi kuliko umri wake. Likizo ile ya mwaka 1988 baba alikuwa amempa kamera yake kuukuu. Nyuso za watu hazikumvutia hata kidogo. Alipenda kuisogeza lenzi karibu kabisa na povu la sabuni au gamba la samaki, na picha ikitoka, hakuna aliyejua ni kitu gani. Baba alinung'unika kwamba filamu haiokotwi barabarani, lakini alimnunulia.

Mchana mmoja wingu jeusi liliteremka kutoka upande wa Kericho na watu wakatawanyika sokoni. Dorca, mkulima aliyekuwa akiuza mboga karibu nao, aliwaambia wakimbilie kwake, kwani aliishi nyuma tu ya soko. Walipoingia jikoni, mvua ya mawe ilianza kupiga mabati hata mtu hakusikia anachoambiwa. Dorca aliwapa chai ya moto, kisha akaketi akiutazama mlango.

Mvua ilipokatika, Zeituni alichomoka na kamera yake. Nje palikuwa peupe. Alilala kifudifudi kwenye tope akaisogeza lenzi. Ndani ya jiwe moja lililopasuka aliona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Ndani ya jingine kulikuwa na mapovu madogo yaliyonaswa. Alipiga picha, akapiga tena. Furaha ilimjaa mpaka akacheka kwa sauti, akamwita baba yake aje aone uzuri ule.

Aliyekuja ni Dorca.

"Unacheka nini kwa shamba yangu?" aliuliza.

Ndipo Zeituni alipoinua macho. Mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yalikuwa yamelala chini, majani yamechanika vipande vipande, na yeye alikuwa amelala juu yake. Majirani nao walifika wakitoka kwenye mashamba yao, ambayo hayakuwa na nafuu. Hasira ilitafuta mtu wa kumwangukia, na wingu lilikuwa limeshakwenda zake. Mmoja alisema kamera za watu wa mjini ndizo zinazoleta balaa. Mwingine aliupiga teke mkoba wa Hemedi. Hemedi aliomba radhi, akaomba tena, na hakuna aliyemsikiliza.

Absalom, mzee wa kanisa, alijaribu kuwatuliza.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Pengine hizi picha ni za kupelekea serikali, tuletewe chakula na mbegu. Si ndiyo, mtoto?"

Kelele zilikoma. Hata uso wa Dorca ulilegea kidogo. Zeituni alimtazama baba yake, naye Hemedi akatazama chini. Neno moja tu, "ndiyo", na wangeondoka salama.

"Hapana, mzee," alisema. "Hakuna aliyenituma. Nilipiga kwa sababu barafu ilikuwa nzuri. Mahindi sikuyaangalia. Nisamehe, mama."

Watu walifoka. Dorca aliinyakua kamera, na Zeituni alidhani ataivunja. Badala yake alimrudishia, akamwamuru atoe alichopiga. Zeituni alifungua mgongo wa kamera na kuivuta filamu nje kwenye mwanga, yote, mpaka mwisho, na picha zote zikaungua. Aliumia sana, akalia bila kujificha. Majirani walikwenda mmoja mmoja kutazama hasara zao.

Hemedi aliuliza kwa upole kama na wao waende.

"Nendeni," Dorca alijibu. Kisha akamgeukia Zeituni. "Mimi sijakusamehe, usijidanganye. Mtu analia, wewe unacheka juu ya chakula yake. Angalia watu kwanza, ndiyo uangalie barafu. Lakini kama ungesema ndiyo, mimi ningekaa hapa kungoja lori ya serikali mpaka msimu iishe, na hiyo lori hakuna mtu ameita. Uwongo yako ingenimaliza kuliko hii mvua. Sasa najua hakuna mtu anakuja. Nitapanda maharagwe."

Alikunja mikono ya gauni, akainama, akaanza kung'oa mabua yaliyovunjika. Zeituni aliweka kamera tupu juu ya mkoba. Aliingia mstari wa pili bila kuitwa, miguu ikizama katika tope baridi, akang'oa bua la kwanza. Lilikatika mkononi. Hemedi naye alivua viatu akaingia.

Dorca hakushukuru wala hakuwafukuza. Alimtazama mtoto, uso wake ungali mkali.

"Ng'oa na mizizi," alisema.

Zeituni akainama tena.