Wote Walikuwa Wamefumba Macho

"Vuta… shika… sasa achia, taratibu."

Inspekta alivuta, akashika, akaachia. Goti la kushoto lilimwasha. Alikuwa ameelekezwa kwamba kitu kikimwasha asikikune, akitazame tu kama mtu aliyekaa dirishani anavyotazama wapita njia, nacho kitapita. Alikitazama. Hakikupita. Akajikuna.

Alikuwa amelala chali kwenye godoro jembamba, siku yake ya mapumziko, kwa amri ya mkewe. "Ama uende kwa Mama Taratibu," mke alimwambia, "ama utafute kitu kingine cha kugombana nacho. Birika langu limechoka."

Mama Taratibu ndiye mwenye ile sauti. Kazi yake ilikuwa kuwatuliza watu kwa maneno mpaka wafike pale katikati, ambapo mtu hajalala wala hayuko macho, kisha kuwapandia fikra njema. Kila mteja alirudi nyumbani na rekodi ya kufanyia mazoezi: pumzi ndefu, ngazi kumi za kushuka, halafu chumba kitulivu huko chini. Hii ilikuwa mara ya tatu kwa Inspekta. Ngazi alizijua, ila hakuwahi kuvuka ya nne akiwa macho.

Alifumbua jicho moja. Kulia kwake alikuwepo Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyekuja kutibu hasira, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji mpya. Kushoto alikuwepo Mpima Ardhi, aliyekuja kutibu woga wa kusimama mbele ya watu. Karibu na mlango alilala Dada Mkate, mwokaji, aliyekuja kwa sababu ya kukosa usingizi. Inspekta akalifumba jicho.

"Vuta," ikasema sauti.

Yaliyofuata hakuyasikia.

Alipozinduka ilikuwa saa nne na nusu, na watu wanajinyoosha. Wote walitoka kwenda sebuleni, soksi miguuni, kwa kuwa viatu viliachwa vimepangwa nje ya mlango wa chumba. Siku hiyo kulikuwa na jambo. Mpima Ardhi alikuwa na tarumbeta, na kesho yake binti yake alikuwa anaolewa. Binti hakutaka zawadi nyingine yoyote: alitaka aingie ukumbini baba yake akimpigia. Mzee alikuwa hajapiga mbele ya watu tangu midomo ilipomkauka jukwaani miaka mingi iliyopita. Mama Taratibu alimshauri aanze na watu wachache. Leo wanne, kesho mia tatu.

Sanduku la tarumbeta lilikuwa mezani hapo sebuleni. Shemeji ya Mpima Ardhi, kaka wa mkewe, aliyemleta kwa gari, alikuwa kakaa kiti cha pembeni akichezea simu.

Mpima Ardhi akafungua sanduku. Akalitazama. Akalifunga, akalifungua tena, kama mtu anayetarajia lijirekebishe.

"Kipulizio hakipo," alisema.

Tarumbeta lenyewe lilikuwepo, linang'aa. Lakini kile kidude cha kuwekea midomo, kisichozidi kidole gumba kwa urefu, hakikuwepo. Shimo lake kwenye kitambaa chekundu lilikuwa tupu.

"Kilikuwepo tulipoingia," alisema Mwalimu Mkuu. "Ulitufungulia tukaona sote."

"Bila hicho halilii," alisema Mpima Ardhi. "Ni bomba tu." Akakaa. Usoni, Inspekta aliona, alikuwa na kitu kama nafuu. "Basi. Mungu hakupanga. Nisipopiga kesho sitapiga tena, lakini basi."

"Hakuna basi," alisema Mama Taratibu. "Kesho mjini watasema nalaza watu ili waibiwe." Akamgeukia Inspekta. "Baba, wewe si askari?"

"Nipo mapumziko," alisema Inspekta. Kisha akaona wote wanamtazama. "Haya. Mtu asivae viatu, na mtu asitoke nje."

"Hata chooni?" akauliza Shemeji.

"Huko nenda na soksi."

Alianza na huyo huyo Shemeji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa peke yake na sanduku. Walisimama kando ya dirisha.

"Uliondoka hapa wakati wowote?"

"Wapishi wa harusi walipiga simu. Nikatoka kibarazani, nikasimama mlangoni hapo hapo. Wananiambia sufuria hazitoshi. Nikawaambia, sasa mimi nizizae?"

"Ulizungumza muda gani?"

"Mpaka salio likaisha."

"Kuna mtu aliingia kutoka nje?"

"Apite wapi? Nilikuwa nimeuziba mlango, na mwili huu unauona."

Inspekta aliuona. "Lakini ulikuwa umevipa mgongo meza na sanduku."

"Hilo ni kweli."

"Na unalipenda tarumbeta?"

Shemeji akacheka. "Inspekta, mimi naishi na huyu bwana nyumba moja. Kila siku saa tatu asubuhi, wimbo ule ule, na kila siku anakwama pale pale. Nikilala nauota. Lakini yule bibi harusi ni mpwa wangu. Nikimwibia furaha yake, dada yangu atanipika mimi, na hapo sufuria zitatosha."

Inspekta alimwamini, ila alimwacha kwenye orodha yake ya moyoni, kwa desturi. Kama hakuna aliyeingia kutoka nje, basi mwizi alikuwa Shemeji au mmoja wa waliolala mle chumbani. Akamwita Mama Taratibu.

"Wewe ndiye uliyekuwa macho. Nani aliinuka?"

Mama Taratibu alisogea karibu. Akazishika ncha za mtandio wake.

"Nakwambia jambo, usilitangaze. Watu wakishatulia, nami hufumba macho. Siwezi kumpeleka mtu mahali mimi mwenyewe nimebaki kizingitini. Kisha kuna kipindi cha ukimya, sisemi neno, nawaacha. Hapo sioni na sisikii."

"Kwa hiyo chumba kizima kilikuwa kimefumba macho."

"Pamoja na askari," alisema Mama Taratibu kwa upole.

Inspekta alikohoa. Akaamua kumuuliza kila mmoja swali moja tu: alikuwa wapi, huko ndani ya macho yaliyofumbwa, na aliona nini. Mtu aliyekuwepo atakuwa na safari ya kusimulia. Aliyekuwa sebuleni anaiba atababaika.

Mwalimu Mkuu alikaa wima kama yuko mbele ya paredi.

"Mimi nilikuwa kwenye lifti," alisema.

"Lifti?"

"Lifti. Ya kale, ina mlango wa vyuma. Ikashuka vizuri mpaka ghorofa ya tatu, wakaingia wanafunzi wangu wa zamani, wanapiga kelele, na mimi sikukasirika. Ni mara ya kwanza tangu niajiriwe."

Inspekta akajiuliza: Lifti imetoka wapi? Alizijua ngazi kama alivyozijua kelele za mlango wake mwenyewe.

Akamwita Dada Mkate. Alikuja amejifunika kanga mabegani, macho mekundu ya mtu aliyeoka usiku kucha.

"Nilishuka ngazi," alisema. "Kumi. Zina zulia laini, kila ngazi nazidi kuwa mzito. Chini kuna chumba kitulivu na kitanda cheupe. Nikapumzika."

"Safi," alisema Inspekta. Maelezo yalikuwa yamenyooka, yanafanana neno kwa neno na yale anayoyajua. "Umefanikiwa kunishinda."

"Nafanya mazoezi sana, kaka."

Wa mwisho alikuwa Mpima Ardhi mwenyewe. Inspekta alikuwa ameanza kumtilia shaka. Nani anafaidika kipulizio kikipotea? Ni mtu anayeogopa kupiga.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye lifti," alisema Mpima Ardhi. "Ina kioo. Nikajiona nimevaa suti ya harusi. Milango ikafunguka, watu wamejaa, nikataka kurudi, ikawa haina kitufe cha kupanda."

Inspekta aliketi nyuma. Watu wawili, na wote wana lifti. Wawili waliokaa pamoja na kupika hadithi moja, wakasahau kwamba safari ilikuwa ya ngazi. Mwalimu Mkuu alikuwa amesema wiki iliyopita, mbele ya wote, kwamba tarumbeta ni ala ya kuitia ng'ombe. Mpima Ardhi alitaka kisingizio. Mmoja anachukia, mwingine anaogopa; mapatano hayo yalikuwa mepesi kuliko unyoya.

"Mzee wangu," alisema polepole, "wewe na Mwalimu mmezungumza kabla ya mimi kuwaita?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu hiyo lifti."

"Tuizungumzie ya nini? Si tulikuwemo?" Mpima Ardhi alimtazama, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afungue sanduku. "Inspekta, usiudhike. Wewe ulikuwa unakoroma. Mama alipofika ghorofa ya tano ilibidi apandishe sauti."

Hapo Inspekta aliona aibu, kisha akaona jambo jingine nyuma ya aibu. Alikuwa anawapima watu kwa safari ambayo yeye mwenyewe hakusafiri. Alikuwa amedhani, kwa kuwa kila siku ni ngazi, leo pia ni ngazi.

Akarudi kwa Mama Taratibu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Leo uliwapitisha wapi?"

"Kwenye lifti. Wakati wa pumzi nilimwona Mwalimu ana bandeji mguuni. Ameteguka kwenye ngazi za kwake juzi. Sasa nimshushe ngazi mtu wa hali hiyo? Moyo utamruka. Nikabadilisha papo hapo."

"Hukumwambia mtu kabla?"

"Nimwambie saa ngapi, nilikuwa nasema."

Inspekta alirudi sebuleni. Wote walikuwa wamekaa, miguu ya soksi imepangwa sakafuni kama mkutano wa paka. Hakupandisha sauti. Alikuwa na tabia ya kuishusha anapokaribia mwisho.

"Dada Mkate, zile ngazi zako zilikuwa na zulia la rangi gani?"

"La kijani."

Mwalimu Mkuu akageuza shingo. "Ngazi gani?"

"Ngazi," alisema Dada Mkate. "Za kushuka. Si ndizo za kila siku?"

Mpima Ardhi alimwangalia Mama Taratibu, na Mama Taratibu akayaangalia magoti yake mwenyewe.

"Leo hakukuwa na ngazi, dada yangu," alisema Inspekta. "Kulikuwa na lifti. Kila aliyekuwa macho chumbani aliipanda. Mimi sikuipanda kwa sababu nililala, na mkoromo wangu una mashahidi. Wewe umenisimulia rekodi ya nyumbani. Uliinuka mwishoni mwa pumzi, Mama alipokwisha kufumba macho; godoro lako liko karibu na mlango. Shemeji alikuwa kibarazani na wapishi wake. Ukarudi wakati wa ukimya, ukalala, hukujua kwamba wenzako wamepita njia nyingine."

Dada Mkate aliitazama mikono yake mapajani. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlango wa chumba.

"Kimo ndani ya kiatu changu. Cha kulia."

Shemeji alikwenda, akakitikisa kiatu, kipulizio kikaanguka kwenye kiganja chake.

"Kwa nini?" aliuliza Mpima Ardhi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kabati la vyombo.

"Nyumba yako ina mlango wa njano," alisema Dada Mkate. "Mimi ni ule ukuta wa nyuma. Naoka usiku kucha, saa mbili narudi, saa tatu najilaza. Saa tatu wewe unaanza. Nimeziba masikio kwa pamba. Nimehamisha kitanda. Nimekuja hapa, nikaambiwa utulivu uko ndani yangu, niutafute. Nimeutafuta, baba. Najua kuvuta pumzi kuliko mpiga mbizi. Nikawa naona nina kasoro, mbona wenzangu wanaendelea na mimi siendelei. Juzi ukaeleza unapoishi, ndipo nikajua ni wewe. Nikasema, kesho akipiga vizuri, watu watamwita kila harusi, atafanya mazoezi asubuhi na jioni. Asipopiga, ataacha."

"Ungegonga mlango," alisema Mpima Ardhi.

"Niliona haya, mtu ana furaha zake."

"Furaha gani? Nilikuwa najitesa."

Mama Taratibu alishusha pumzi, na haikuwa ile ya mazoezi. "Na mimi nilikuuliza kila kitu kuhusu mama yako na utoto wako," alimwambia Dada Mkate. "Sikukuuliza nyumbani kwako kuna kelele gani. Nisamehe."

"Unalala mpaka saa ngapi?" Mpima Ardhi akauliza.

"Saa nane ingenitosha."

"Basi nitapiga saa tisa. Saa tatu ni mazoea tu, hakuna aliyenipangia." Akamgeukia Inspekta. "Na wewe, utamfunga?"

"Mali imepatikana, mwenyewe halalamiki," alisema Inspekta. "Nami nipo mapumziko. Ila dada, hilo zulia la kijani lisirudie tena."

"Halirudii, kaka. Nisameheni nyote."

Mpima Ardhi alikifuta kipulizio kwa leso, mara mbili, maana kilitoka kiatuni. Akakichomeka. Akasimama mbele yao. Midomo ilikuwa mikavu, akairamba. Sauti ya kwanza ilitoka imepasuka. Ya pili ikanyooka. Wimbo ukapanda taratibu, ukafika mahali katikati, ukasita, ukaporomoka.

Akashusha tarumbeta. "Mnaona. Ni hapo."

"Ni hapo hapo kila siku," alisema Dada Mkate. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea ukuta. "Unaharakisha, baba. Kabla ya kupanda huwa huvuti pumzi. Mimi upande wa pili wa ukuta huwa nakuvutia."

Mpima Ardhi akaliinua tarumbeta tena. "Nivutie kwa sauti," alisema.

Akarudia kutoka mwanzo. Walipofika pale, Dada Mkate alivuta pumzi, wote wakamsikia, Mpima Ardhi naye akavuta, na wimbo ukapita. Ukaenda mbele kidogo, sehemu ambayo hakuna mtu katika nyumba mbili aliyewahi kuisikia, kisha akaishiwa, akasimama.

"Mbele ya hapo sijui vizuri," alisema. "Sijawahi kufika."

"Imebaki sehemu kubwa?" aliuliza Shemeji, akitazama saa.

"Kama nusu."

"Harusi ni kesho saa nane," alisema Dada Mkate. Akainuka, akamsogezea kiti. "Leo silali. Kaa hapo, tuanze tena pale ulipoishia."