Mgeni wa Siakago

Wamuyu alikuwa akipanga viatu vya mitumba sokoni Meru, gauni lake la njano likila vumbi, jamaa mmoja mrefu mwenye kofia iliyochujuka alipochutama na kuanza kukunja buti kama anayepima chapati.

"Hiyo imetembea Ulaya yote," Wamuyu akamwambia. "Wewe unaipeleka wapi?"

"Loiyangalani, kwa El Molo. Watu wa ziwani, wamebaki wachache."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi nakuja kukuona, mrembo."

Akarudi kweli. Aliitwa Kiogora, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Githongo, na kutulia hakukujua; alizunguka akikusanya picha na habari za makabila madogo. Alikuwa amelala msituni kwa Waogiek, amehama na ngamia wa Warendille. Alipopiga simu kutoka huko, upepo ulivuma upande wake, na Wamuyu, ambaye hakuwa amewahi kuivuka Isiolo, akakosa usingizi. Hakujua kama anamtamani Kiogora au safari zake.

Mwezi wa Agosti Wamuyu akamwalika kwao Siakago. Msichana wa Kimbeere haleti mwanamume nyumbani kwa mchezo. Baba yake, Mzee Njiru, akaita wazee wenzake, mama akachinja kuku, wakaketi kungoja mgeni aseme kilichomleta. Kiogora akatoa kamera! Akauliza mizinga ya nyuki hutundikwaje, akauliza harusi za zamani, akapiga picha hadi shangazi akafunika uso. Jioni akasimama.

"Asanteni sana. Nimejifunza mengi."

Akaenda zake. Wamuyu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kwa majuma hakushika simu yake. Aliposhika, alikuwa anachemka.

"Baba anauliza kitabu chako kitatoka lini."

"Sweetie, nisikize kwanza..."

"Aki, mimi si kabila la kutembelewa, Kiogora!"

Kiogora alipojibu, sauti yake ilikuwa imenyong'onyea. "Niliogopa. Huko kwingine sina cha kupoteza. Kwenu ningekupoteza wewe. Nikajificha nyuma ya kamera."

Wamuyu akakata simu. Moyo ulikuwa umeshalainika, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Jumamosi moja alikuwa kwao akipeta ndengu Kiogora alipotokea langoni, suti imembana, kamera hana, akiwa na mjomba wake Muthamia. Walipoketi ndani mbele ya Mzee Njiru, mjomba hata hajakohoa kuanza maneno, kijana akaropoka:

"Mzee, nimekuja kwa sababu ya Wamuyu. Nataka kumuoa."

Muthamia akamkanyaga mguu, maana hayo yalikuwa ya wakubwa kusema. Mzee Njiru akamtazama weee.

"Na kuzurura utaacha?"

Wamuyu, aliyekuwa akisikia yote kutoka uani, akaomba kimoyomoyo adanganye, kidogo tu.

"Hapana, mzee. Siwezi kukudanganya."

Mama akashika kichwa. Wamuyu akaweka ungo chini, akaja akasimama mlangoni.

"Asiache, baba," akasema. "Hata mimi nataka kwenda."