Maji ya Moto Bila Bismillahi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Arwa saa sita na robo mchana: mashine imesimama koridoni, kuna mguu wa mtu mbele yake.

Arwa alitazama miguu yake mwenyewe. Ilikuwa juu ya kochi, na Lamis, binti yake wa miezi saba, alikuwa mapajani akinyonya. Mumewe Mutahhar alikuwa kiwandani. Mama mkwe, Hajati Taqiya, alikuwa jikoni akikanda unga na kuisema mashine, kama ada yake. Basi nani alikuwa kwenye korido?

Mashine yenyewe, bapa na mviringo kama sinia, ilinunuliwa kwa ajili ya magoti ya Hajati. Ilikuwa ya kudeki, na haikutaka mtu. Ukishaipangia saa kwenye simu, ilizunguka nyumba nzima, ikarudi kituoni pake, ikafua matambara yake kwa maji yanayotokota na kuyamwaga yenyewe kwa bomba kwenye tundu la sakafuni katika chumba cha chini. Ikikwama, ilikutumia ujumbe na picha ya kilichoikwamisha.

"Mkwe wangu wa pili," Hajati aliwaambia wageni. "Na huyu hanijibu."

Arwa akafungua picha. Ulikuwa unyayo wa mtoto mchanga, mwekundu, umejaa malengelenge, ngozi ya kisigino ikining'inia. Akacheka kicheko cha mtu anayejidanganya, akaifuta.

Kesho yake, saa ileile, ikaja picha nyingine, na safari hii mguu ulikuwa mlangoni mwa chumba cha Lamis. Siku ya tatu ikaja harufu ya kuku aliyetiwa maji ya moto anyonyolewe. Siku ya nne kile kifaa cha kumsikilizia mtoto akiwa chumbani kilitoa kilio chembamba, hali Lamis alikuwa mikononi mwa mama yake, kimya, macho kodo. Siku ya tano Lamis mwenyewe alipiga yowe, na Arwa alipomvua soksi akaziona nyayo za mwanawe zimeiva, malengelenge yanapanda. Daktari alisema ni sabuni, akatoa mafuta. Adhuhuri iliyofuata malengelenge yalikuwa yamefika vifundoni.

"Mama," Arwa alinong'ona jikoni, akasimulia yote.

Hajati akaacha unga. "Hiyo mashine inamwaga maji yake saa ngapi?"

"Adhuhuri, ikimaliza kudeki."

"Na nani anayepiga bismillahi?"

"Mama, ile ni mashine!"

"Ndiyo nakuuliza! Tangu Yemeni mpaka huku Dearborn, Marekani, sijamwaga hata chai ya moto tunduni bila kutaja jina la Mungu, majini waliomo wapate kusogea. Wewe umewachoma siku ngapi?"

Arwa akahesabu. Siku thelathini na nane tangu mashine inunuliwe. Akakaa pale pale sakafuni.

Siku hiyohiyo wakamwita Bi Dhabya, jirani wa mtaa wa pili, mwenye kusomea wagonjwa. Akachomoa waya wa mashine kwanza, kisha wakashuka naye chumba cha chini, Lamis akilia begani kwa bibi yake, na kadiri Bi Dhabya alivyosoma ndivyo harufu ilivyozidi, na kuta zikatoka jasho, na taa ikafifia ikabaki kama kaa la moto, na mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye tundu ambalo lilikuwa kavu, na ndani ya mvuke ule, taratibu, ikapanda sauti ya mwanamke aliyelia hadi akachoka.

"Mwanangu hana ngozi. Nitachukua ya huyo."

"Hakukusudia," Bi Dhabya alisema. "Taja badala."

Sauti ikajibu: "Maziwa ya mama yake. Ndiyo dawa."

Yakakubaliwa. Siku saba, kila adhuhuri, Arwa akamue maziwa kikombeni na kuyamwaga tunduni kwa bismillahi, kisha siku ya saba wenyewe wahame.

"Usikae, mwanangu," Bi Dhabya alimwonya. "Usiitike. Na lolote litakalokugusa, liache, panda ngazi."

Siku ya kwanza malengelenge ya Lamis yakanywea. Siku ya nne alikuwa akicheza na vidole vyake, na Hajati akapika binti sahani, ule mkate wa Kiyemeni wa tabaka, asali ikichuruzika, kwa furaha. Arwa alikula kidogo tu. Alizidi kukonda, na alikawia huko chini, lakini nani angemuuliza mama ambaye mwanawe anapona?

Siku ya saba Bi Dhabya alirudi kuwaaga waliomo na kuliziba tundu. Alisoma mara moja, mara mbili. Hakikutikisika kitu. Akainua kichwa na kusikiliza, kisha akamgeukia Arwa.

"Mama yule ameshahama. Mbona peke yake, bila mwanawe?"

Arwa akalitazama tundu.

"Maziwa uliyamwaga?"

"Siku mbili za mwanzo."

"Halafu?"

"Alikuwa analia, Bi Dhabya!" Machozi yakamtoka. "Alitambaa mwenyewe mpaka mapajani kwangu. Simwoni, nausikia uzito wake tu, na lile joto. Mimi ndiye niliyemchoma. Ningemwachaje?"

"Umemnyonyesha mara ngapi?"

"Mara tano."

Hajati akajiziba mdomo. Mara tano! Hilo hata watoto wa mtaa ule wanalijua: aliyenyonya ziwa lako mara tano ni mwanao, na mwanao wa kumzaa ni ndugu yake.

Bi Dhabya akafunga msahafu wake, akajitanda mtandio. "Jini mgeni namfukuza. Huyu nitamfukuzaje nyumbani kwa mama yake?"

Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Ndipo kilio kikasikika huko juu, chumbani kwa Lamis. Lamis alikuwa begani kwa bibi yake, amelala fofofo. Kifua cha blauzi ya Arwa kikalowa maziwa.

"Unakwenda wapi?" Hajati alimdaka mkono. "Arwa! Unakwenda wapi?"

"Niache, mama," Arwa alisema kwa upole, akijinasua. "Ana njaa."