Neno la Katikati

Nyumbani walimwita Kidole, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa simu. Kwa hiyo bibi yake alipokanyaga msumari, kazi ya kumtumia muuguzi wa zahanati habari za kidonda kila asubuhi akapewa yeye.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kwenye simu kulikuwa na programu ya zahanati, na ndani yake maneno yamepangwa juu na chini: sijambo, maumivu kidogo, maumivu makali, kidonda kimevimba. Ukiyasukuma kwa kidole yanazunguka kama gurudumu, na lile linalosimama katikati ndilo linalomfikia muuguzi. Kila ukiifungua, gurudumu linaanzia kwenye "sijambo".

Mwanzoni Kidole alikaa kitandani kwa bibi akamsomea neno moja moja. Lakini bibi naye! Hata awe hoi, ukimwuliza hali atakwambia sijambo, mjukuu wangu, kisha ndipo aanze kueleza, na maelezo yake hayaishi leo wala kesho. Kidole akaona anakosa kuruka kamba na wenzake kabla ya kengele. Basi akawa anabonyeza "tuma" huku anavaa viatu, bila kugusa gurudumu, huyoo, mbio shuleni.

Siku moja alirudi akamkuta muuguzi chumbani, amekuja kubadilisha bandeji. Mguu wa bibi ulikuwa umevimba hadi kifundoni, na mwili unachemka. Muuguzi alikuwa akimlaumu bibi kwa upole kwamba ameficha maumivu, na kwamba wangechelewa zaidi mguu ungeharibika kabisa.

"Labda nilisahau kusema," bibi akajibu, ameinamisha kichwa. "Ndio uzee huu, mwanangu."

Kidole alijua ukweli. Bibi hakusahau kitu. Jana tu alimwita aje auone mguu, naye akaitikia nakuja, asiende. Angenyamaza, nani angejua? Lakini kumtazama bibi akibeba lawama isiyo yake kulimshinda.

"Bibi hajasahau," akasema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye sikumwuliza. Nilikuwa natuma tu neno lililokuwa pale."

Muuguzi akaandaa sindano. Alisema bado wamewahi. Akaahidi pia kuwaomba mafundi wa programu gurudumu lianzie mahali patupu, ili kila mtu alazimike kuchagua.

Uvimbe ulipopungua, asubuhi moja Kidole aliketi kitandani, viatu bado viko mlangoni, akamwuliza bibi hali. Bibi akasema sijambo. Kidole hakubonyeza kitu, akasubiri. Bibi akacheka.

"Haya, sukuma. Leo ni maumivu kidogo."

Kisha akamshika mkono. "Siku ile ungenyamaza, mjukuu wangu, wangenitibu mguu tu. Mimi ningebaki najiona nimeanza kupoteza akili. Kweli iseme hata ikikuumbua, maana uongo wako kuna mtu mwingine anaubeba. Na ukimwuliza mtu hali, msubiri amalize."

Kidole akaahidi. Akalisukuma gurudumu polepole, akamwonyesha bibi neno la katikati, na bibi alipotikisa kichwa kukubali, akatuma.