Nyanya na Asili ya Neno Simu

Kila jioni Swabaha alipotoka chuoni kusoma Kurani, aliketi barazani kwao, Mji wa Kale, akichezea simu ya mamake. Nyanyake, Bi Zakiya, humwita kutoka ndani.

"Swabaha, njoo nikweleze neno simu lilitoka wapi. Babangu alikuwa tarishi wa posta, akipeleka simu za maandishi, kuna kisa chake."

"Kesho, nyanya," hujibu, macho hayabanduki kiooni. Hakuwa mtoto mbaya, ila mvivu wa kuitika. Kesho hiyo haikufika. Bi Zakiya alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi.

Wiki iliyofuata shuleni, Mwalimu Jael aliwataka wanafunzi waeleze asili ya maneno ya teknolojia, kama walivyosikia kwa wazee wao. Swabaha aliona haya kusema hajui.

"Kabla hajaugua, nyanyangu alinieleza kuwa simu latokana na kusema," alisema bila kupepesa.

Wenzake walimpigia makofi. Mwalimu alifurahi mno, na Ijumaa akaenda kumjulia hali mgonjwa. Nasiha, mamake Swabaha, alimkaribisha mpaka kitandani, Swabaha akiwafuata nyuma.

"Shikamoo, nyanya. Asante kwa kutufunza kuwa simu latokana na kusema," Mwalimu alisema.

Bi Zakiya alitikisa kichwa. Akainua mkono wake mzima, akaonyesha waya wa kuanikia nguo dirishani. Akaguna, akaonyesha tena, machozi yakimtoka.

"Wataka nguo, mama?" Nasiha aliuliza.

Swabaha akaangua kilio. "Mwalimu, nimezua! Nyanya hakunieleza. Aliniita, mimi sikwenda."

Mwalimu alikunja uso. Alitoa kamusi mkobani, akatafuta. "Simu limetoka katika Kiajemi, sim. Maana yake ni waya."

Wote waliutazama ule waya wa nguo. Bi Zakiya akashusha mkono.

"Na kisa cha babake?" Swabaha aliuliza. "Nani atanieleza?" Nasiha alitikisa kichwa; hata yeye hakuwahi kukisikia.

"Hakuna," Mwalimu alijibu. "Kamusi imetupa neno tu. Usipojua, sema hujui. Na mkubwa akikuita, nenda saa hiyo hiyo. Jumatatu utawaambia wenzako ukweli."

Jumatatu aliwaambia. Hakuna aliyepiga makofi. Jioni aliipita baraza, akaketi kando ya kitanda.

"Nyanya, nimekuja. Nieleze."

Midomo ya Bi Zakiya ilitetemeka kwa muda mrefu, lakini sauti haikutoka.